Kwa Mama Ottilia, Uliyetusahau kwa Ugonjwa

Mama, mwaka umetimia tangu tukulaze kaburini hapa Litumbandyosi, Agosti 1997, na wageni wakifika nyumbani bado wanakuulizia wewe kwanza.

Ulizaliwa Lundo, ufukweni mwa Nyasa, ukaolewa huku milimani na baba yetu, Joakim Ndunguru. Ulijifunza kulima ngoro, yale mashimo ya mteremkoni, bila kunung'unika. Wanunuzi binafsi walipoanza kuingia kugombea kahawa yetu, uliwaambia, "Mizani ikae hapa penye tambarare isitupunje, wanangu, ndipo tusalimiane." Walicheka, lakini waliihamisha. Jirani akiugua, uji wake ulitangulia wako.

Kisha kichwa kikawa kinakuuma kila ukiamka, ukawa unatapika. Kahawa iliyomenywa ukaisahau kwenye maji hadi ikanuka. Ukapotea njia ya kanisani. Wengine wakasema umerogwa. Baba hakwenda kwa mganga. Alikupeleka hospitali, mkapewa rufaa hadi Dar es Salaam, ukapigwa picha ya kichwa.

"Mzee," daktari alimwambia, "ni uvimbe kwenye ubongo. Unabana sehemu inayotunza kumbukumbu. Si uzee, wala si wazimu. Na hapo ulipo, kisu hakifiki."

Mkarudi. Asubuhi moja ulimkuta Baba jikoni ukapiga kelele: "Wewe baba ni nani? Mume wangu akirudi atakukuta humu!"

Tulitaka kukusahihisha. Baba akatuzuia. Akatoka nje, akapiga hodi kwenye nyumba aliyoijenga kwa mikono yake. "Samahani, mama. Joakim amenituma nikuangalie mpaka arudi." Ukamkaribisha, ukampa kiti.

Tangu hapo alipiga hodi kila siku, akalala chumba cha wageni ili usiogope.

Kimatengo cha huku milimani kikakuponyoka, kisha Kiswahili. Kikabaki Kinyasa cha utotoni, ambacho Baba hakuwahi kukijua. Akamwita mdogo wako Getrude kutoka Lundo, akajifunza kwake namna ya kukuuliza kama una njaa, na unaumwa wapi. Alikosea matamshi, ukacheka kama msichana. Naye akacheka, halafu akaenda shambani kulia peke yake. Tulimwona.

Siku zako za mwisho ulimshika Getrude mkono, ukamwambia kwa Kinyasa: "Huyu baba anayepiga hodi ana huruma. Joakim akirudi, mwambie amshukuru. Asimfukuze."

Baba alikuwa amesimama mlangoni. Alielewa kila neno.

Unakumbukwa na mumeo Joakim. Wanao Hildegardi, Edmund na Aurelia. Mdogo wako Getrude. Wajukuu zako wote, ndugu wa Lundo na Lipingo, na akina mama wa jumuiya yako. Misa ya kukuombea itakuwa Jumapili hii kigangoni.

Upumzike kwa amani, Mama. Kwetu hutasahaulika kamwe.