Uzi wa Shanga za Bibi Mwanaidi

Morogoro,
Jumamosi, tarehe 11 Juni.
Asubuhi ina ukungu, mlima hauonekani kabisa. Manyunyu yalikatika tulipomaliza kunywa uji.

Dada yangu Restituta,

Shikamoo. Natumaini nyote hapo nyumbani ni wazima na mguu wa Mama umeacha kuvimba. Ile dawa ya kuchua niliyompa kondakta wa basi la Songea iliwafikia? Alinitazama kama mtu anayejua kusahau. Na mahindi je, mmeshamaliza kuvuna, au nyani wamewatangulia tena?

Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio hautulii, na usiku usingizi haunipati. Nakuandikia nikiwa kwenye kibaraza cha nyuma, nikimsubiri mzee mmoja ashuke kutoka milimani. Yeye ndiye atakayesema kama binti wa nyumba hii atatolewa ndani leo au hatatolewa. Akisema hatatolewa, mimi sitakuwa na uso wa kuendelea kupanga hapa. Daftari langu la kila siku limenishinda tangu juzi, kwa hiyo nakuandikia wewe.

Uliniuliza kazi ya vioo ikoje, hii niliyoipata baada ya kiwanda cha nguo kutupunguza. Karakana yetu ni banda la mabati huku Kihonda. Tunanunua chupa mbovu, tunazitenga kwa rangi, tunaziosha na kuzitwanga, kisha zinaingia tanurini ndani ya chungu. Kioo kikiyeyuka tunasema kimekuwa asali. Hapo unachovya ufito wa chuma uliopakwa udongo mweupe, unauzungusha taratibu, na ile asali inajiviringisha kuwa ushanga. Ukipoa, udongo unapukutika, tundu linabaki.

Lakini ushanga haupoi hivi hivi. Unaufukia kwenye jivu la moto upoe polepole. Ukiuharakisha unabaki na kile tunachokiita kinyongo: kwa nje mzima, kwa ndani unavutana, na siku moja unapasuka wenyewe shingoni mwa mteja. Ndiyo maana kila jioni kabla ya kufunga tunazipima shanga zote. Unazimwaga kwenye beseni la maji ya moto, unazichota na kuzitumbukiza kwenye maji ya baridi. Wenye kinyongo unalia ta! na kugawanyika. Mwenzangu Sijali ndiye mpimaji, na mkono wake umezoea kiasi kwamba anapima huku anasimulia habari za majirani.

Sasa sikiliza. Mwenye nyumba wangu, Bibi Mwanaidi, ni Mluguru wa huko juu Matombo. Mjukuu wake Asha ni mwali, amewekwa ndani tangu mvua za vuli. Chumba chake kinapakana na changu, namsikia akikohoa, lakini hata kivuli chake sijakiona. Mwali wa ukoo wao, wenyewe wanasema lukolo, hutoka akiwa amevaa uzi mmoja wa shanga uliovaliwa na mama zake wote. Nyingi ni nyeupe. Za buluu ni chache, na kila ya buluu ni mwanamke wa ukoo huo aliyekwisha kufa. Bibi anazijua kwa majina. Huku kwao ukoo ni wa mama, Dada, kwa hiyo uzi ule ndio ukoo wenyewe.

Uzi ulikuwa umeoza. Jumatano Bibi alinikabidhi shanga zake zote ndani ya kitambaa. "Mwanangu, wewe ndiye fundi," alisema. "Zitungie uzi mpya. Usizipeleke sokoni kwa wale wa plastiki."

Nilifika nazo karakana, na jioni nikazimwaga kwenye sahani ili nizipange vizuri kabla ya kuzitunga. Mwenye karakana akaniita nje kupokea gunia la chupa. Nilipokuwa nje nikasikia maji yanamwagwa, kisha ta!

Nilirudi mbio. Sijali alikuwa ameshika beseni, anacheka.

"Anje, hizi za leo mmezipoza vipi? Moja imekwenda."

"Sijali! Hizo si zetu!"

Kicheko kikamwisha. Tukaokota pamoja. Zote zilikuwa salama isipokuwa moja ya buluu, imekatika katikati kama harage.

"Yalaa," alisema Sijali. "Si zilikuwa kwenye sahani, na kilichoko kwenye sahani mimi napima! Ungeniambia."

"Ningekuambia saa ngapi?"

"Basi tengeneza nyingine. Bibi yule ana mtoto wa jicho, ataona nini?"

Kupata buluu ndiyo ikawa kazi. Zamani ile dawa nyeupe ya tumbo ilikuja kwenye chupa za buluu, lakini tangu bidhaa za nje ziruhusiwe kila kitu kinakuja kwa plastiki. Alhamisi tulizunguka kwa wauza chupa mpaka Msamvu, tukampata mama mmoja aliyeweka mafuta ya nazi kwenye chupa ya buluu. Alitaka tumpe chupa nyingine mbili zenye vifuniko ndipo aiachie. Jana nikaiyeyusha. Ushanga wa kwanza ulitoka mkubwa, wa pili ukaingia povu. Wa tatu nilipouweka karibu na zile za zamani, mimi mwenyewe nilisita kidogo kujua upi ni upi. Nikautunga katikati, pale pale ulipokuwa ule uliovunjika. Vipande nikavifunga kwenye ncha ya kanga. Njia nzima nilikuwa najiambia nitasema nikifika.

Sikusema. Bibi alikuwa jikoni na wanawake wawili, wanachambua mchele wa sherehe. Alijifuta mikono, akapokea uzi, akaupitisha vidoleni bila kuutazama. Kila akifika kwenye ya buluu anataja jina kwa sauti ndogo: Mwanahawa. Mwanatumu. Binti Saidi. Kisha vidole vikasimama.

"Huyu nani?"

Nikaishika ncha ya kanga yangu.

"Anjelista, nakuuliza. Huyu nani?"

Nikafungua ncha ya kanga, nikampa vipande. Alivigusa kwa ulimi. "Huyu ndiye Mwanamkasi," alisema. "Mama yangu." Akaingia ndani, akafunga mlango. Baadaye mmoja wa wale wanawake akatoka kuniambia kwamba kaka yake Bibi, Mzee Salehe, mkuu wa ukoo, ametumiwa ujumbe, na mwali hatoki mpaka aje.

Naacha hapa kidogo. Nasikia watu wanabisha hodi mbele.

*

Ni jioni sasa. Naendelea.

Alikuwa yeye, Mzee Salehe. Mzee mrefu, kanzu imelowa matope mpaka magotini, akiwa na vijana wawili wa ukoo. Niliitwa sebuleni, nikapiga goti, nikamwamkia. Aliitikia marahaba bila kunitazama. Vipande vilikuwa juu ya mkeka, na uzi pembeni.

"Kabila gani wewe?"

"Mngoni, babu."

"Mngoni! Babu zako walitukimbiza mpaka mapangoni, na wewe umekuja kuwamalizia waliobaki kwenye beseni?"

Unajua huku sisi na wao ni watani. Lakini hakucheka, na hakuna mtu aliyecheka, nami sikujua kama nimetaniwa au nimefukuzwa.

"Hakuna mwali anayetoka na mtu pungufu," alisema. "Watu warudi makwao. Na nataka kujua kitu cha lukolo kilifikaje mkononi mwa mpangaji."

Nje sufuria zilikuwa zimeshainjikwa. Nilimsikia Asha akikohoa nyuma ya ukuta, mara moja tu, kama mtu aliyejiziba mdomo.

"Nilikitoa mimi," alisema Bibi.

"Wewe?"

"Mimi. Uzi ulioza nikiwa nao. Wewe kaka yangu, mara ya mwisho kuuliza habari za uzi huu ilikuwa lini? Ungekatika kwenye ngoma leo, tungewaokota mama zetu kwenye vumbi miguuni mwa watu."

Mzee akauvuta uzi karibu, akautazama.

"Mama atarudi juu," Bibi aliendelea. "Utakwenda naye wewe, ukamweke kaburini alipolala. Mahali pake kwenye uzi pafungwe fundo, kila atakayevaa ajue kwamba palikuwa na mtu. Mtoto anatoka leo."

Kisha mzee akavikusanya vipande, akavitia mfukoni mwa kanzu. "Fungeni hilo fundo," alisema, akaomba maji ya kunawa.

Nililifunga mimi, kwa sababu macho ya Bibi hayaoni tundu. Nikautoa ushanga wangu, nikafunga fundo mahali pake, nikautunga uzi upya. Nikamuuliza Bibi kama ule mpya niutupe.

Akaupokea, akauzungusha kati ya vidole. "Umeupoza vizuri?"

"Vizuri, Bibi."

"Hauna mtu bado," alisema. Akaufunga kwenye pindo la kanga yake. "Basi huyu ni mimi. Siku yangu ikifika msihangaike kutafuta chupa."

Asha alitoka alasiri, amepakwa mafuta mpaka anang'aa, uzi umekaa kifuani. Sijali naye alikuja. Alijificha nyuma ya wapiga ngoma, hakunisogelea mpaka nilipomwita aje kula.

Nisalimie Mama, na umwambie sijahama. Nisalimie baba mdogo Klemensi na baiskeli zake, shemeji, mwalimu aliyenifundisha sekondari, na mdogo wetu Skola, naye ajitahidi kusoma.

Ni mimi mdogo wako, niliye mbali lakini nawawaza,
Anjelista

Jumapili asubuhi. Nimeifungua bahasha niongeze hili moja: jana nilipata usingizi saa tatu na robo usiku, ngoma ikiwa bado inalia.