Upatu wangu ninunulie uanachama wa gofu, au niendelee kulipa kama mgeni?

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na naomba usicheke kabla hujafika mwisho, maana nikisema mimi ni kibarua wa lipu na shida yangu ni gofu, najua hata wewe utarudi juu kuangalia kama umesoma sawasawa.

Umesoma sawasawa. Mimi ni fundi lipu, niko mbali na kwangu mwaka wa pili sasa, nalala chumba kimoja na wenzangu wawili kwenye mabanda ya kampuni, nyuma ya jengo tunalolijenga. Mmoja ni shemeji yangu, kaka wa mke wangu, yeye anachanganya zege, na mwingine ni mfunga nondo tunayemwita Profesa kwa sababu alifika kidato cha pili na haipiti siku bila kutukumbusha. Mimi niliishia darasa la sita, kwa hiyo penye makosa utanisamehe.

Gofu ilituingia hivi. Mwaka jana tulitumwa kupiga lipu vyumba vya kubadilishia nguo katika klabu ya gofu iliyo ng'ambo ya barabara, na tulipomaliza mkuu wa klabu alifurahi kuona kuta zilivyonyooka, akasema vijana chukueni fimbo mjaribu mashimo mawili matatu bure, tukachukua huku tunacheka, saruji imetujaa hadi kwenye nyusi, mpira wangu wa kwanza ukaenda kichakani, wa pili ukazama kwenye mchanga, lakini wa tatu, mshauri, sijui nikuelezeje, ule mpira uliondoka kama umeitwa na mtu anayeupenda, sikuusikia hata mkononi, nikabaki nimesimama na fimbo juu mpaka Shemeji akaniambia, "Shusha mkono, watakupaka chokaa wakidhani ni sanamu yao."

Tangu siku hiyo, kila tukipokea mshahara wa mwezi, Jumapili yake tunavaa mashati ya kola, tunavuka barabara, tunalipa ada ya mgeni, ambayo kwangu ni kama ujira wa siku tatu, tunakodi fimbo, tunacheza. Sisemi najua kucheza. Lakini pale hakuna nyapara, hakuna wa kuniita "wewe wa lipu, ndoo iko wapi," napiga mpira wangu naufuata mwenyewe kwa mwendo wangu, na usiku ule nalala kama mtoto aliyeogeshwa, wakati siku nyingine zote nalala nikiwaza paa.

Paa lenyewe ni la jiko letu kule nyumbani, limeishia nusu, na mvua ikinyesha mke wangu anahama na sufuria kutoka kona hii kwenda kona ile. Sasa mwisho wa mwezi huu zamu yangu ya upatu inafika. Tuko kumi pale kazini, kila mshahara kila mtu anatoa fungu lake na mmoja anabeba zote, na tangu mwanzo nilimwahidi mke wangu kwamba siku nikibeba mimi, nakuja likizo na bati za kumalizia jiko. Hapo ndipo Profesa alipoleta hesabu.

Alichukua msumari, akaanza kuandika kwenye ukuta niliotoka kuulainisha, lipu bado mbichi, ada za wageni watatu upande huu na ada ya mwanachama upande ule, kwa sababu klabu ile ina sheria kwamba mwanachama akija na wageni wake, wageni hao wanalipa nusu.

"Mmoja wetu akijiunga," akasema, "wawili tunaingia nusu bei, na yeye haulizwi kitu. Mgeni njoo mwenyeji apone!"

"Na huyo mmoja ni nani?" nikauliza.

"Si mwenye upatu?" akasema Shemeji, upesi sana.

"Na paa la dada yako je?"

"Shemeji, paa halina miguu, litakungoja. Kiingilio cha klabu kinapanda mwezi ujao, hicho hakimngoji mtu."

Mara tukamsikia nyapara ngazini akikohoa, nikapitisha mwiko haraka haraka, hesabu yote ikafutika ikabaki mle ndani ya ukuta, na tangu siku ile kila nikimwomba Profesa aipige tena inatoka tofauti, leo tunaokoa, kesho tunapata hasara, keshokutwa anasema inategemea.

Nikaenda mwenyewe kumuuliza karani wa klabu, mama mmoja mpole mwenye miwani ya kamba. Akaniambia, "Baba, ukija mara moja kwa mwezi, ulipe kama mgeni. Ukija kila wiki, jiunge. Ila ujue kiingilio kikishaingia hakitoki, na ada ni ya mwaka."

"Na nikija ninapopata nafasi?"

"Hapo sijui, baba. Hapo kamuulize mama watoto."

Kisha akanionyesha kadi ya mwanachama. Nitakwambia ukweli, mshauri, maana hunijui. Ile kadi ina picha ya mtu na jina lake lote. Kitambulisho changu cha kazini kina namba na neno kibarua. Niliishika ile kadi ya mtu mwingine nikasahau kuirudisha, mpaka karani akanyoosha mkono.

Na mambo ya pale hayaeleweki. Sisi tunatoa jasho la siku tatu kwa mashimo kumi na nane, lakini kuna mama mmoja huja na mumewe, hapigi hata mpira mmoja, anatembea naye tu na mwavuli wake, wanapiga soga, mume akikosa wanacheka wote, na karani hamtozi hata senti, anafaidi majani yaleyale na upepo uleule. Sasa hapo haki iko wapi?

Wiki iliyopita nikaona bora nimwambie mke wangu, maana habari za gofu nilikuwa sijamgusia. Akauliza, "Yaani unaupiga mpira, halafu unaufuata mwenyewe?"

"Ndiyo."

"Na hakuna anayekufukuza?"

"Hakuna."

"Halafu unalipa?"

"Nalipa, ndiyo."

Akaendelea, "Na anayetazama tu, analipa ngapi?"

Nikaona hii sasa ni kejeli, hasira ikanipanda, nikamwambia salio linaisha, nikakata, na salio lilikuwepo. Tangu siku hiyo nikimpigia haulizi kitu. Nikisema huenda likizo ikasogea, sawa. Nikisema bati zimepanda bei, sawa. Mshauri, hiyo "sawa" inanitisha kuliko matusi.

Shemeji anasema pesa ikienda nyumbani inaliwa wiki mbili imekwisha, ila uanachama unakaa mwaka mzima, na Shemeji ana akili, ingawa kwao hajakanyaga tangu alipomwahidi mama yao godoro. Profesa anasema nikichelewa nitajuta. Na muda wa kufikiri sina, kwa sababu jengo limefika juu, kwangu imebaki lipu ya ngazi na ukuta wa nje tu, baada ya hapo nyapara ndiye anayejua tutapelekwa wapi. Nikifikiria kadi naona aibu ya paa, nikifikiria paa naona nitakosa kadi, nikifikiria kuacha gofu kabisa naona nimerudi kulala kila usiku nikiwaza paa. Kipi ni nafuu, mshauri, mgeni au mwanachama? Nimechanganyikiwa hadi juzi nimechanganya mchanga na maji nikasahau saruji.

Ni mimi, Fundi Lipu.

*

Mwanangu Fundi Lipu,

Umeniomba nisicheke, nami nilijizuia mpaka kwenye sanamu. Baada ya hapo nilicheka, kisha ulipofika kwenye simu nikaacha.

Tuanze na lililo jepesi. Gofu si kosa. Mtu anayeamrishwa wiki nzima anastahili kupiga kitu kisichomjibu, akakifuata kwa mwendo wake. Usiache, wala usiombe radhi kwa usingizi wa usiku mmoja kwa mwezi. Kosa lako ni kumficha mkeo kitu pekee kinachokupa raha huko uliko, ukamwachia habari za bei ya bati.

Sasa hesabu. Umeuachia ukuta ukupigie, wakati barua yako mwenyewe imeshaipiga. Umesema imebaki lipu ya ngazi na ukuta wa nje, na baada ya hapo hujui utalala wapi. Halafu unataka kulipia mwaka mzima kwenye uwanja ulio ng'ambo ya barabara hiyo hiyo! Nyapara akiwahamishia mji mwingine, hiyo kadi utaitumia kulainishia lipu? Karani alikwambia waziwazi, na wala hakukudai kitu kwa ushauri wake: anayekuja mara moja kwa mwezi alipe kama mgeni. Wewe unakuja mara moja kwa mwezi. Basi. Hakuna cha "inategemea" hapo.

Tena hujajiuliza hiyo nusu bei ni ya nani. Ni ya Profesa na ya shemeji yako. Wao wanapunguziwa, wewe unatoa kiingilio, unatoa ada, na kila mmoja wao akiwashwa na mkono itabidi uamke uende naye, maana mgeni hapati nusu bei bila mwenyeji wake. Watakuwa wamekununua uwe bawabu wao, kwa pesa yako mwenyewe. Uliza swali moja tu pale chumbani: zamu ya upatu ya Profesa ni lini, na kwa nini uanachama usingoje hiyo? Utasikia kimya kilivyo kitamu.

Na huyo shemeji yako mwenye akili, nakubali, akili anayo. Anajua siku ukitia mguu kwao, mama yake atakuuliza, "Na mwanangu? Na godoro langu?" Kwake yeye, wewe kubaki huko ni nafuu kubwa kuliko bei yoyote ya klabu. Simlaumu sana, woga ni mzigo. Lakini usimbebee kwa paa la dada yake.

Kwenye kadi sikugombezi. Kutaka mahali pamoja duniani pakuite kwa jina lako lote si tamaa mbaya. Siku utakapotulia mahali, una kazi ya kudumu na uwanja uko karibu, jiunge, nami nitakupongeza. Ila leo usinunue kwa bati za mtu mwingine.

Sasa sogea karibu, maana hapa ndipo nataka kukuvuta sikio. Mkeo alikuuliza maswali manne. Ulijibu matatu, la nne ukamkatia simu. Unasema ilikuwa kejeli. Mwanangu, mke anayetaka kukejeli angekuuliza wewe umelipa ngapi. Huyu ameuliza yeye angelipa ngapi. Umeona tofauti? Amekaa mwaka na zaidi akikusikia unavyochoka, leo kwa mara ya kwanza amekusikia ukitaja kitu kwa furaha, na alichotaka kujua ni kama kuna nafasi ya kusimama pembeni akutazame. Nawe ukamwambia salio limekwisha.

Na jibu ulikuwa nalo! Umeniandikia mimi, badala yake. Mama mwenye mwavuli hatozwi hata senti. Ulikuwa unamlalamikia, kumbe unamwonea wivu mumewe.

Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka, na ya gofu ndiyo kabisa, kwa hiyo fanya hivi. Leo, kabla hujanawa saruji, mpigie simu. Usianze na bati wala likizo. Sema, "Uliniuliza anayetazama analipa ngapi. Halipi kitu." Halafu unyamaze wewe, zamu hii usikilize. Akisema "sawa" tena, mpe sikio, utaisikia imebadilika.

Upatu ukiingia mkononi, usilale nao chumba kimoja na Profesa. Siku hiyo hiyo mtumie mkeo nauli ya kuja, watoto wabaki na bibi yao. Weka pembeni nauli yenu wawili ya kurudi pamoja likizo. Kinachobaki chote ni bati, na zikipungua mbili tatu, fundi kama wewe hashindwi kuziba kona. Shemeji yako mwambie mnaondoka Jumatatu, na nafasi ya godoro juu ya basi ipo akitaka.

Jumapili kabla ya safari, vaa shati lako la kola, vuka barabara, ulipe ada ya mgeni, yako peke yako, kamili, bila kuomba nusu ya mtu. Profesa na shemeji yako wajilipie. Kisha mpe mkeo mwavuli, na huo ununue wewe.

Mpira ukiingia kichakani usinune akicheka. Amesafiri njia yote hiyo kuja kucheka na wewe.