Kwa Mpiga Hapsikodi Wetu, Aliyeliliwa kwa Piano

Leo ni tarehe tisa Juni. Kumekucha na ukungu, kisha manyunyu mepesi, hali ya hewa uliyoichukia kwa sababu huvuruga nyuzi.

Mwaka umetimia tangu ufunike hapsikodi yako ukaenda kulala, usiamke.

Kwa wasioijua, hapsikodi ni kinanda cha kale. Ukibonyeza kibao chake, kijiti kidogo hudonoa uzi. Hakiugongi kama piano. Maisha yako yote ulikuwa ukieleza jambo hilo. Chuoni, ulikofundisha mpaka nywele zikawa nyeupe, hawakusikiliza. Walikuita Bwana Kabati. Walikuhamishia chumba cha chini ya ngazi, pamoja na mafagio na viti vilivyovunjika miguu, na mkuu wa chuo akasema hadharani kwamba muziki wako ni kama mtu anayetikisa droo ya vijiko. Wewe ulicheka. Mkeo hakucheka, na mpaka leo hajacheka.

Kila asubuhi ulikaza nyuzi kabla ya chai, umeinamisha sikio kama daktari anayesikiliza kifua cha mtoto. Mkeo akipiga magoti kusali, uliacha ufunguo wako wa kukazia nyuzi hewani mpaka aseme amina.

"Umeniombea nini leo?"

"Upate akili."

"Basi endelea, mama, bado hazijafika."

Ulipiga katika kumbi kubwa za mbali, ukarudi na koti lako lilelile jeusi. Ulipiga pia mahali ambapo viti vitupu vilikuwa vingi kuliko watu, ukawainamia wachache hao kama ungewainamia maelfu. Na mkeo alipoanza masomo ya jioni, tayari akiwa bibi mwenye wajukuu, ulimngoja getini na mwavuli. "Mwanafunzi wangu," ulimwita, hata mbele ya wageni.

Ukafa, na ghafla chuo kikagundua kuwa kilikupenda. Walikuja mazikoni na suti zao na hotuba zao ndefu. Mkuu wa chuo akatangaza kwamba sasa tutasikia vidole vyako kwa mara ya mwisho, akawasha kanda. Ilikuwa piano. Piano! Binti yako wa mwisho alimfinya mama yake mkono: "Mama, huyu si baba." Na wale, walimu wa muziki watupu, wamefumba macho, wanatikisa vichwa, wanafuta machozi. Hakuna hata mmoja aliyeshtuka. Mungu awasamehe. Mkeo naye anaomba apewe moyo wa kuwasamehe, ila hana haraka.

Wiki iliyopita mkuu huyo alifika nyumbani, akakaa kwenye kiti chako bila kukaribishwa. Wamejenga ukumbi mpya. Wanataka hapsikodi ikae mlangoni, ndani ya kioo, na picha yako juu yake.

"Nani ataipiga?" mkeo akauliza.

"Ah, mama, haitapigwa. Itatazamwa."

Kaka yako alikuwa ameshalainika. "Shemeji, hebu fikiria, jina la mdogo wangu ukutani!"

"Miaka yote walikuwa nalo hilo jina, shemeji. Mbona hawakulitumia?"

Dada yako akadakia, "Na wewe kaka, ungepewa nafasi ungewapa hata mwili wake wauweke kwenye kioo!"

Mkuu akatabasamu kwa upole wa mtu anayesubiri watoto wamalize kelele. Akasema kinanda kisichopigwa huoza, na kwamba atatuma gari leo asubuhi. Hilo la kuoza lilituchoma kwa sababu lilikuwa kweli. Tangu uondoke hakuna aliyethubutu kuifunua. Binti yako wa mwisho aliogopa kuliko wote, kwa kuwa ndiye uliyemfundisha.

Leo alfajiri mkeo alipoinuka kutoka kwenye sala, alisikia uzi mmoja ukilia sebuleni, kisha mwingine. Binti yako alikuwa ameinama, ufunguo mkononi, anakaza. Alikaza mpaka jasho likamtoka. Halafu akapiga kile kipande kifupi ulichomwanzishia utotoni. Alikosea, akarudia, akakosea tena, ungekunja uso. Lakini ilikuwa hapsikodi, na ilikuwa nyumbani.

Alikuwa bado anapiga gari lilipofika. Mkuu aliingia na viatu vyenye matope, akasikiliza kidogo sana, akawageukia wapagazi: "Haya vijana, bebeni." Vijana walisimama, kamba mikononi, wakimtazama binti yako. Yeye hakuinua kichwa. Ndipo kaka yako, yuleyule aliyelainika, akaenda kuushika mlango.

"Mzee, njia ni hii. Na uangalie ngazi, zina utelezi."

Wanaokukumbuka ndio waliosimama sebuleni kuwa mashahidi: mkeo, binti zako wawili, wakwe na wajukuu zako, kaka yako, dada yako, na jirani yetu fundi cherehani, aliyekuja mbio na sindano bado mdomoni. Mbele yao mkeo ameweka mkono juu ya hapsikodi na kusema kwa sauti:

"Mume wangu, hatutakusahau maadamu tunapumua. Kinanda chako hakitoki humu kwenda kutazamwa. Kitapigwa. Na atakayetaka kujifunza atafunguliwa mlango, hata mkuu wa chuo, akikubali kuanza darasa la kwanza."