Injini Iliyorudi kutoka Msituni

Kijiji cha Alue Meuria,
Aceh Jaya.
14 Machi 2008

Mpendwa Shangazi Salbiah,

Assalaam alaykum warahmatullah. Naomba Mungu waraka huu ukukute mzima, wewe na wote wa nyumba yako huko Kedah. Miguu inaendeleaje? Baba anauliza kama bado inavimba ukikaa sana kwenye cherehani. Sisi huku hatujambo. Mwanangu Yusra anarefuka kama mgomba; gauni ulilomtumia Idi sasa analivaa kama blauzi. Baba naye ni mzima, ila ana kikohozi cha asubuhi. Yeye analisingizia vumbi, sisi tunazisingizia sigara.

Usinune kwamba sikupigii simu. Simu za huku hukatika kabla hatujamaliza kuulizana hali, na haya niliyo nayo hayataki kukatwa katikati. Barua ataileta jirani yetu Sulaiman, anayekuja Penang kumtazama bintiye aliyejifungua. Mpe chai, lakini usimwache aanze habari za mguu wake, utachelewa sala.

Kubwa ni hili, Shangazi: tumevuna. Tumevuna mpunga kwenye majaruba yetu wenyewe, kwa mara ya kwanza tangu bahari ilipopanda.

Ulipokuja kutupa pole uliyaona majaruba yale. Mchanga, mabati, mizizi ya minazi, na maji ya chumvi yaliyogoma kuondoka. Ulisema hapa hapataota kitu tena, nasi hatukukubishia. Mashirika yalipokuja yalitujengea nyumba, Mungu awalipe, na wakagawa mashua nyingi hata watu wasiojua kuogelea wakapata. Lakini shamba halijengwi kwa mabati. Tulianza sisi wanawake kwa majembe na ndoo, mashirika yakitupa posho ya siku. Walipoondoka tukaendelea bila posho. Tulichimba mifereji, tukaziachia mvua zioshe chumvi, mwaka hadi mwaka. Tulijaribu karanga kwanza, zikakubali. Ndipo tukathubutu mpunga.

Nikwambie ukweli, mwanzoni kila nilipopiga jembe niliogopa litakachogonga. Mume wangu Safrizal hakupata kaburi, unajua. Mama tulimpata, tukamzika, yeye hapana. Sasa siogopi tena. Nikifika shambani humsomea Fatiha, kisha nafunga kitambaa kichwani na kuanza kazi.

Basi mpunga tukapura, tukaanika, magunia yakajaa barazani. Furaha ile haikumaliza hata wiki. Kinu cha Baba ndicho kilichokuwa kikikoboa mpunga wa vijiji hivi vyote, na bahari haikuacha hata jiwe lake moja la msingi. Shirika moja lilikuwa limekiletea kikundi chetu cha wanawake mashine mpya ya kukoboa, wakasema injini inafuata nyuma. Mradi ukaisha, wakafunga ofisi, injini haikufuata. Mashine ikakaa chini ya turubai, na sisi tukarudi kwenye kinu cha kukanyaga kwa mguu, kama enzi za bibi. Ukikanyaga kutwa nzima, unapata mchele wa kula nyumbani tu, tena nusu yake chenga. Wachuuzi wa mjini wakanusa shida yetu. Wakaja na malori yao wakitaka mpunga wenye maganda kwa bei ya kutupwa, na wenzangu kadhaa walishaanza kukubali. Watoto wanataka sare za shule, ungewalaumu?

Hapo ndipo alipotokea Razali, mtoto wa Bi Ramlah.

Unaikumbuka ile injini ya kinu iliyochukuliwa wakati wa vita. Vijana wa msituni walikuja na bunduki, wakaifungua, wakaenda nayo milimani iwawashie taa na kuchaji redio zao. Baba alipowazuia walimvunja mkono. Walikuwa wamefunika nyuso, lakini Razali alisema neno moja na Baba akaitambua sauti, maana mtoto yule alikulia jikoni kwetu akila wali wa Mama. Halafu askari wa serikali nao wakamchukua Baba, wakamtuhumu kuwa kawapa waasi injini kwa hiari yake. Walimrudisha akiwa hawezi kuketi. Mkono haukuunga vizuri mpaka leo, haunyooki wala haupandi juu ya bega.

Basi Jumamosi moja nikiwa naanika popoo uani, nikaona wanaume wanne wanateremka njia ya mlimani, mianzi mabegani, katikati yao kuna kitu kizito kimefungwa kamba. Razali alikuwa mbele. Walikitua mbele ya ngazi zetu. Injini ilikuwa imeota kutu na majani, lakini niliijua.

Baba alikuwa amekaa ngazini. Razali akavua kofia.

"Mzee, nimekurudishia mali yako."

Baba aliitazama injini, hakumtazama yeye. "Ilipokuwa ikiondoka ilikuwa inawaka."

"Itawaka tena, Mzee. Nitaisafisha mwenyewe."

"Na mkono huu? Huu nao utausafisha?"

Baba akanyanyuka, akaingia ndani, akafunga mlango. Razali na wale watatu wakaondoka, na injini ikabaki uani.

Ilikaa pale wiki nzima, kuku wakalala juu yake. Nilijaribu kumsemesha Baba, akasema nikiitaja tena atahamia msikitini. Razali alikuja mara mbili na mafuta ya taa na matambara aisafishe, Baba akamfukuza kama mbwa. Nilimhurumia, Shangazi, na sikupenda kumhurumia. Wenzake wengine wa msituni wamepata kandarasi za barabara, wanaendesha magari. Yeye alirudi amani ilipotiwa saini akakuta baba, ndugu na mchumba wote wamekwenda na maji, kabaki mama peke yake. Anabeba mawe kwenye ujenzi kama kibarua.

Magunia yalikuwa yananitazama, na mchuuzi alikuwa amesema atarudi Alhamisi.

Siku moja kabla, asubuhi, Bi Ramlah akaingia uani kwetu. Unamjua, mfupi, sauti ya mwadhini. Alikuwa na sinia kichwani limefunikwa kitambaa: mchele, majani ya kunyunyizia maji, na wali wa manjano wa kunata, vile vile vya kuwapoza watu waliogombana. Nyuma yake Razali kainamisha kichwa, na nyuma ya Razali nusu ya wanawake wa kikundi chetu, maana hakuna siri kijijini. Alitua sinia, akaketi chini kwenye udongo mbele ya ngazi.

"Haji Muhtar! Toka nje, sina miguu ya kupanda ngazi zako."

Baba akatoka. Asingeweza kukataa, huyu ndiye aliyemwosha Mama kabla hatujamzika.

"Ramlah, kama umekuja kumwombea mwanao, rudi."

"Simwombei. Amekosa, na nimemwambia hivyo tangu siku ile, kabla hata bahari haijaja. Nimekuja kuuliza habari ya chuma. Hicho chuma kimekukosea nini?"

"Kiliibwa."

"Kiliibwa, ndiyo. Na kingebaki kinuni kingekuwa wapi leo?"

Sote tukageuka kutazama pale kilipokuwa kinu, palipo maji tupu sasa.

"Kwa hiyo unataka nimshukuru mwizi?" akasema Baba.

"Mshukuru Mungu. Mwizi mpe kazi."

Mwanamke mmoja nyuma akacheka, akajiziba mdomo. Bi Ramlah akamvuta mwanawe kwa shati, akamsukuma mbele. "Na kama roho haijatulia, huyu hapa, mpige. Mpige mbele yetu sote yaishe, maana mpunga una fukusi na sisi hatuna subira."

Razali akapiga magoti. "Nipige, Baba," akasema. Zamani alikuwa akimwita hivyo, kabla ya vita.

Baba akashuka ngazi moja moja. Akasimama mbele yake, akainua mkono. Ukafika kwenye bega, ukakwama. Akajaribu tena, ukakwama pale pale. Kisha Baba akautazama mkono wake kama anauona leo.

"Nimpige na nini?" akasema. "Si ndio huu mliouvunja?"

Sijui nani alianza. Nadhani ni Bi Ramlah. Tulicheka, na Baba akacheka, kicheko ambacho nilikuwa sijakisikia tangu Mama akiwa hai, na katikati ya kicheko nikaona kuwa analia. Razali alikuwa ameshika miguu yake. Baba akamwekea ule mkono kichwani, maana mpaka hapo unafika.

"Nyanyuka," akamwambia. "Unalowesha suruali yangu ya Ijumaa."

Imamu akaitwa, wakaketishwa pamoja, wakanyunyiziwa maji kwa majani yale, wakarushiwa mchele, wakalishana wali wa manjano. Razali alikula huku machozi yanaingia mdomoni, Bi Ramlah akimwambia atafune vizuri.

Mchuuzi alikuja Alhamisi. Tulimpa kahawa, akaondoka na lori tupu.

Injini ilichukua siku nyingi kukubali. Alitafutwa fundi, vipuri vikaagizwa Banda Aceh, na Baba na Razali wakagombana kuhusu kila nati. Kinu kipya tumekijenga juu, karibu na barabara, mbali na maji. Baba alitoa sharti moja tu: wajane wakoboe kwanza, wa upande wowote, awe mumewe alikuwa msituni, awe alikuwa askari, awe alichukuliwa na bahari. Siku ilipowaka moshi ulikuwa mweusi hata watoto wakakimbia, nasi tukapiga vigelegele. Mchele ulitoka mweupe na wa moto. Niliuchota kwa viganja viwili, nikashindwa kuurudisha.

Usidhani tumetajirika. Barabara bado ni mashimo, vijana wengi hawana kazi, na majaruba ya upande wa pwani chumvi haijayaachia. Mwezi uliopita injini ilizima siku mbili. Lakini sasa tunauza mchele, si mpunga, na pumba tunalisha bata. Yusra ana viatu vya shule. Alhamdulillahi, na narudia tena, alhamdulillahi. Zipo siku zamani nilizolitamka neno hilo kwa ulimi tu.

Jambo dogo la mwisho, ulisikie kwangu kabla hujalisikia kwa Sulaiman. Bi Ramlah siku hizi ananiita mkwe, sokoni, mbele za watu. Nimemwambia tayari nina nyati mmoja wa kulimia wa kuhangaika naye, na ananitosha. Razali naye huona haya mpaka masikio yanakuwa mekundu. Sijasema ndiyo, sijasema hapana. Niombee niijue heri ilipo.

Nisalimie Mjomba Jamaluddin, dada Fitriani na mapacha wake, na bibi wa jirani anayekusomea barua zangu. Mwambie asirukeruke mistari. Bi Ramlah anakusalimu, anasema bado unalo sufuria lake. Yusra anakubusu mkono.

Nimemuuliza Baba ana neno gani kwa dada yake. Amefikiri mpaka nikadhani amesinzia.

"Mwambie tumekula," akasema.

Nikamwambia neno hilo ni fupi mno kwa barua inayovuka bahari.

"Mwambie hivyo hivyo. Tulizaliwa nyumba moja, ataelewa."

Mungu akupe afya, aipoze miguu yako, na atukutanishe kwenye sahani moja kabla hajatuita.

Wako akupendaye, mwanao wa Alue Meuria,

Nurmala