Daraja la Mama Pacha

Jumatatu, 3 Machi

Kampeni zimeanza. Uani kumejaa watu nisiowajua, wanakunywa chai yangu na kuniita mama. Mmoja ana umri wa kunizaa!

Mume wangu kavaa fulana mpya, rangi ya damu ya mzee. Imembana tumboni. Miaka mitatu alikuwa diwani kwa fulana nyeupe. Januari akajiuzulu, akahamia kwa wale tuliokuwa tukiwazomea, na sasa anaomba udiwani uleule, kata ileile, kwa watu walewale. Na fulana nyeupe wamemsimamisha nani? Mwenye duka la vifaa vya ujenzi — yuleyule aliyeshindwa na mume wangu mara iliyopita, akiwa kwenye damu ya mzee. Wamebadilishana fulana kama wachezaji baada ya mechi. Ningekuwa si mkewe ningecheka mpaka nikae chini.

Ila mimi najua kwa nini alihama. Novemba korongo lilimchukua binti wa Mama Pacha akitoka shule. Alikuwa na miaka sita. Mume wangu ndiye aliyeingia kwenye maji kumtoa, akamtoa amekwisha. Alikuwa ameomba daraja tangu achaguliwe, na halmashauri ikamzungusha kwa kuwa si mwenzao. Tuliporudi kutoka kuzika alikaa kitandani na viatu vyake vya tope, akasema: basi, nakwenda kwa wenye daraja.

Hilo ndilo ninalowaambia watu. Ni kweli, kwa hiyo halinipi shida kulisema.

Jumatano, 5 Machi

Kazini. Tangu niajiriwe kwenye dobi ya hospitali nakunja mashuka na Mama Pacha. Shuka la kitanda cha wodi linataka watu wawili: mmoja hapa, mmoja kule, mnalivuta linyooke, mnakutana katikati, anapokea ncha zangu. Pale katikati ndipo tulipokuwa tunapeana umbea. Sasa tunakutana, anapokea ncha, anarudi. Hajanuna. Hajanitukana. Afadhali angenitukana.

Yeye ni mwenyekiti wa kina mama wa fulana nyeupe. Uchaguzi uliopita tulizunguka pamoja nyumba kwa nyumba kumwombea mume wangu kura, pacha mmoja mgongoni kwake, mwingine mgongoni kwangu. Sikumbuki mimi nilimbeba yupi. Sitaki kukumbuka.

Leo nikajikaza. Nikamwambia, shoga yangu, amehama kwa ajili ya mtoto. Akavuta shuka likanichomoka.

"Nyinyi hameni," akasema. "Hameni hata mara kumi. Mwanangu mwacheni alipo."

Jumamosi, 8 Machi

Nyumba kwa nyumba. Nimetembea mpaka kandambili imekatika.

Fundi viatu aliishona bure, huku akinipasha. Anasema uchaguzi mdogo huwa mtu amekufa. Huyu wenu tunamwona kila siku, anapita hapa, ananenepa. Sasa mimi nikachague nini tena? Nilishamchagua! Atabaki na gundi yake siku ya kura. Nikamweleza habari ya daraja. Akanirudishia kandambili, akaniambia nisalimie nyumbani.

Muuza nyanya amehama na sisi. Hakuficha: hampendi mume wangu wala chama chake, anafuata daraja. Akilipata atarudi fulana nyeupe. Nikamkumbatia, mwenyewe akashangaa.

Mwalimu wa watoto wadogo atampa kura mwenye duka. Hamwamini hata kidogo, mizani yake anaijua. Anataka tu mume wangu aone uchungu wa kuachwa bila kuulizwa. "Angetuita," akasema. "Angesema jamani, nimekwama, mnaonaje? Pengine sisi wenyewe ndio tungemwambia ahame."

Kweli hakuwaita. Hata mimi aliniambia tu.

Wengine — ah! Wanakupa kiti, wanakupa maji, wanasema tuko pamoja mama. Mlango wa tatu nilikuwa nimeshajua maana yake. Wanawake wanamtazama Mama Pacha atafanya nini. Akitoka watatoka. Akikaa, kata nzima inakaa.

Jumapili, 16 Machi

Mkutano wa hadhara.

Watoto walikaa mbele kabisa kwa ajili ya muziki, na yule pacha aliyebaki alikuwa kati yao. Mume wangu alianza vizuri — barabara, dawa, maji. Watu wanajipepea tu. Nikamwona akitafuta maneno, jasho linamtoka. Halafu akashuka, akamwinua yule mtoto, akampandisha jukwaani. Akasema mnamwona huyu? Mwenzake yuko wapi? Akamtaja marehemu kwa jina. Kwenye spika!

Mtoto akawa anacheka. Alidhani anaitwa kucheza.

Mama Pacha alitokea nyuma, watu wakampisha. Akapanda, akamshika mwanawe mkono, wakashuka. Na watu wakaanza kuondoka, mmoja mmoja, kama vile ndiyo kwanza wamekumbuka kazi walizoziacha nyumbani. Mpiga muziki hakujua aweke nini.

Nyumbani nilimuuliza mume wangu ulifikiri nini. Anasema hakufikiri. Mama mkwe akanitupia jicho, ati mwanaume akishafika nyumbani hahojiwi. Nikaenda kuosha vikombe vya wale wageni, vyote, hata vilivyo safi.

Jumatano, 19 Machi

Mama Pacha ameomba kuhamia kwenye pasi. Msimamizi hajaniletea mwingine. Natundika ncha mbili kwenye misumari, navuta mwenyewe. Mashuka yanatoka yamepinda.

Ijumaa, 21 Machi

Sijui nianzie wapi.

Alikuja mkubwa mmoja wa chama kutoka makao makuu. Walikaa sebuleni na meneja kampeni, yule ninayemwita Suti kwa kuwa haivui hata jua likiwaka vipi. Mimi namimina chai. Kwao mwenye kumimina chai hana masikio. Mkubwa akauliza huyu mtu wenu ni wa kuaminika? Suti akacheka. Akasema huyu tulianza kumlainisha tangu Agosti. Agosti hiyohiyo akakubali. Tulikuwa tunasubiri tu sababu nzuri ya kutangaza.

Agosti!

Mtoto alikufa Novemba.

Nilimimina mpaka chai ikajaa kisosi. Suti akasema taratibu mama.

Nikamwita mume wangu chumbani. Nikamuuliza: Agosti? Hakukana. Heri angekana! Alikaa palepale kitandani alipokaa siku ya mazishi. Akasema aliwakubalia kwa mdomo tu, alikuwa amechoka kuomba asisikilizwe, na walimwahidi kumsogeza juu. Alikuwa bado hajaamua kwa moyo. Mtoto alipokufa ndipo alipoamua kwa moyo.

"Sababu ilichelewa," akasema. "Lakini ni sababu."

Nilimwona akilia kwenye lile korongo. Kilio kile hakikuwa cha kuigiza, naapa. Ndiyo maana siwezi hata kumchukia vizuri.

Nikamwambia nimezunguka kata nzima nikisema ni kwa ajili ya mtoto. Nimemwambia mama yake! Akanishika mikono. Akasema wamemweleza wazi: kata ikiwakataa, daraja linakwenda kata ya jirani. Vyuma viko tayari. Mvua kubwa ziko njiani. Na yule aliyebaki anavuka palepale, kila siku, na begi mgongoni. "Sasa nenda ukawaambie Agosti," akasema. "Nenda."

Nimejifungia chooni kulia. Wageni wanagonga.

Jumapili, 23 Machi

Siku ya kura. Daftari nimelibeba kwenye mkoba, nyumbani si pa kuliacha tena. Naandika hapa kibarazani kwa Mama Pacha.

Asubuhi nilipita kituoni shuleni. Wasimamizi wamekaa na wino wao, wanapiga miayo. Muuza nyanya, wazee wachache, vijana wa Suti. Mwalimu akapiga yake akapita bila kunitazama. Wenye fulana nyeupe nao hawakutoka — nani amwamini mwenye duka? Mchana mume wangu akapiga simu. Sauti imemkauka. Kwa makisio ya vijana wa Suti, wako nyuma kwa kura za kuhesabu kwa vidole. Nenda kwa Mama Pacha, akasema. Akionekana kwenye foleni wengine watakuja. Nakuomba, mke wangu.

Nimekuja. Njiani kote nilikuwa sijui nakuja kusema nini. Wanawake wamekaa milangoni, wanachambua mboga, wanasukana. Hakuna aliyevaa nguo ya kutokea.

Mama Pacha alikuwa anafua sare ya mwanawe. Akakausha mikono, akanipa kiti. Mtoto akaja kuniegemea magotini kama zamani. Mama yake akamtuma kwa jirani. Tukabaki wawili.

Akasema hakulala. Anasema hapendi vyama tena, vyote, hata chake. Alipania kukaa ndani. Lakini kila akitandika kitanda cha wale watoto anajiuliza kama mume wangu alikuwa anasema kweli pale jukwaani. Kama mtu mzima aliacha chama chake, akakubali kuchekwa, kwa ajili ya binti yake, basi binti yake hakwenda bure. Angeweza kulibeba hilo.

"Wewe hujawahi kunidanganya," akasema. "Nitazame. Alihama kwa ajili yake?"

Nikamtazama.

Korongo linaonekana kutoka hapa. Chini kuna maji kidogo tu, ya kahawia, mtoto anaruka bila kulowa. Leo.

Nikasema ndiyo.

Hakulia. Akaitikia kwa kichwa kidogo kidogo, mara nyingi, kama mtu aliyepewa dawa akaambiwa aimeze. Akasimama, akapaza sauti uani: jamani eeh, vaeni, twende! Milango yote ikafunguka. Mboga zimeachwa kwenye ungo. Mmoja anapita mbio na nusu ya kichwa imesukwa. Wanacheka! Mmoja kanipiga bega, ati umetuweza.

Simu inaita. Ni mume wangu. Atakuwa ameshaambiwa. Siipokei.

Bado naweza kusema. Mama Pacha yuko ndani, ukuta mmoja tu, namsikia akifungua sanduku. Neno moja, Agosti, na wote hawa watarudi kukaa. Na mvua zitakuja.

Ametoa kichwa dirishani. Zipu ya gauni haifiki juu, anasema, tangu msiba kila nguo imekuwa ngeni mwilini. Ananiita niingie nimfungie.