Baba Anasubiri Dawa Yako

Ujerumani, 12 Februari 2023

Mama mpendwa,

Shikamoo, na baba mfikishie shikamoo yake. Mimi mzima, ila baridi ya huku inaingia hadi kwenye meno. Migomba inaendeleaje? Mdogo wangu Joel bado analala zamu yenu ya maji ya mfereji ikifika?

Leo nacheka peke yangu kwa furaha. Ile dawa ya kichocho tunayohangaika nayo maabara imekubali. Ni dawa ileile ya vidonge vikubwa vya zahanati, ila tunaifunga ndani ya vichembe vidogo mno, jicho haliwezi kuviona. Dawa ya kawaida, nyingi yake ini linaiharibu kabla haijawafikia minyoo. Vichembe vyetu vinaificha, inafika salama. Mwambie baba, aliyezeekea ndani ya mfereji, kwamba naifanya kwa ajili yake.

Mwanao, Aikande

Usa River, 3 Aprili 2023

Mwanangu Aikande,

Hatujambo, Mungu anatutunza. Joel ni yuleyule. Barua yako baba yako aliisoma kanisani, pale kwenye mnada wa mazao baada ya ibada, kisha akanunua mkungu wa ndizi kwa jina lako. Akina mama wakapiga vigelegele mpaka nikaona haya.

Wiki iliyopita wahudumu wa afya walikuja kugawa vile vidonge. Baba yako akawaambia mbele za watu, "Mimi binti yangu ananitengenezea ya kwangu." Tumbo lake limejaa, mwanangu, na choo kina damu. Anauliza dawa inakuja lini. Jibu upesi.

Mama yako

Ujerumani, 20 Septemba 2023

Mama,

Shikamoo. Nisamehe, kila siku nilisema nitaandika kesho. Kulikuwa na mikutano, halafu ripoti za wafadhili. Baba anaendeleaje?

Mama, dawa imekubali kwa panya. Kwa panya tu. Kufika kwa binadamu ni miaka, na huenda isifike kabisa. Baba aende zahanati leo ameze vidonge vya kawaida, halafu hospitali wakampime ini. Mwambie mimi ndiye niliyesema.

Mwanao, Aikande

Usa River, 8 Oktoba 2023

Mwanangu,

Sisi tupo, baba yako hayupo vizuri. Nimemsomea. Akatabasamu, akasema, "Unaona mtoto aliyelelewa? Hajisifu." Nikamsomea tena pale kwenye panya. Akasema wakubwa wa huko wamekukataza kusema. Hata ulipompigia kwa simu ya Joel ukalia, bado anasema ulilia kwa sababu walewale wakubwa wanasikiliza. Kwa hili mimi nimeshindwa. Njoo umwambie uso kwa uso, wewe atakusikia.

Mama yako

Ujerumani, 2 Novemba 2023

Mama,

Shikamoo. Silali kwa ajili ya baba. Lakini nikiondoka sasa jaribio zima linaharibika, panya hawana mtu mwingine wa kuwaangalia. Nakuja Krismasi, nitammezesha kwa mkono wangu. Mbembeleze hadi hapo, tafadhali.

Mwanao, Aikande

Usa River, 19 Desemba 2023

Aikande,

Salamu sina. Baba yako alitapika damu Jumanne, akafia njiani tukimkimbiza hospitali. Tumemzika jana kwenye migomba yake. Umemwambia Joel ndege zimejaa. Nimesikia. Pole na panya.

Mchungaji aliposoma wasifu alisema marehemu ameacha binti anayetengeneza dawa ya kichocho. Watu wakaitikia amina. Baada ya chakula wakaanza kuniuliza, sasa dawa ya mzee ilikwama wapi? Nikasema imezuiliwa uwanja wa ndege. Nimeishi na baba yako Elieza tangu nikiwa msichana, siwezi kukubali watu wamcheke kaburini kwamba alikufa akisubiri dawa ya panya. Ukija, na wewe sema hivyohivyo. Usinitie aibu.

Leo asubuhi nimempeleka mdogo wako Joel zahanati moja huko Moshono, ambako hakuna anayetujua. Nikasimama pale mpaka akameza vidonge vyote.

Mama Joel