Epoleti za Baba Zuhura

Alhamisi, baada ya isha

Bado nacheka peke yangu. Mchana nipo dukani Kariakoo, nampimia mteja kitenge, mume wangu akapiga simu kutoka Magogoni, anakofanya kazi kwenye kivuko. "Mama Zuhura, nimepewa epoleti!" Simu ikakatika.

Wiki nzima alikuwa anasubiri majibu ya usaili wa kupandishwa cheo, hata chakula hakipiti. Nikajua epoleti ni barua ya kufukuzwa. Nikafunga duka, nikakimbilia kivukoni.

Nikamkuta kasimama getini na shati jeupe, mabegani vipande vyeusi vyenye mistari ya dhahabu.

"Epoleti ndiyo hizi," akasema. "Zinavaliwa begani, watu wajue cheo chako. Sasa mimi ni nahodha msaidizi."

"Kumbe mapambo ya mabegani! Na mimi nimekuja nalia njia nzima!"

Akacheka mpaka abiria wakageuka. Nikamkumbatia hapo hapo mbele ya watu, jambo ambalo sijawahi kulifanya.

Naogopa kidogo. Bahari si ya kuchezea, na sasa roho za watu ziko mikononi mwake. Lakini leo nimemuona amesimama wima, nikajisikia kama nimevishwa mimi.